Wanaouita Mchezo

Jirani yangu alimkuta mjukuu wangu mbele ya kompyuta, akirusha ndege ya kuigiza toka Dar es Salaam kwenda Kilimanjaro, akaniambia: "Mwalimu, unamwacha mtoto acheze tu!" Kauli hiyo naikataa.

Kabla ya kupaa, kijana alikwisha piga hesabu ya njia, kimo, upepo, mafuta ya safari, mafuta ya kufikia kiwanja mbadala, na akiba juu yake. Kisha akaomba kibali. Mwongoza ndege, mtu wa kujitolea aliyeunganishwa naye kwa intaneti, alimsomea; naye akakirudia kipengele kwa kipengele. Alipokosea tarakimu moja alisahihishwa, akarudia tena.

Je, sisi walimu tulifanyaje? Tuliuliza, "Mmeelewa?" Darasa likaitika, "Ndiyooo!" Tukafuta ubao. Nami nilifanya hivyo miaka mingi, na chuoni nikawafunza walimu wengine vivyo hivyo.

Kuitikia si kuelewa. Tarehe 27 Machi 1977, kisiwani Tenerife, katika ukungu, rubani mmoja alipewa kibali cha njia akakichukulia kuwa ruhusa ya kupaa. Mnara uliitikia "sawa". Agizo la kusubiri lililofuata likamezwa na kelele za redio. Ndege mbili ziligongana, wakafa watu 583.

Darasani hakuna ndege zinazogongana, ndiyo maana makosa yetu hayakuhesabiwa. Kama huo ni mchezo, ningeomba walimu wote waucheze, nikianza na mimi.