Limenyamaza Tu

Mjomba wangu wa Kibiti amechoma mkaa miaka mingi. Tanuri likishafukiwa udongo na moshi ukapungua, mimi niliyetoka chuo hudhani kazi imekwisha. Yeye huchukua mkeka akalala pembeni yake. "Limenyamaza tu," huniambia. Udongo ukitoboka usiku, mkaa wote unageuka majivu.

Namkumbuka kila ninaposoma kwamba silaha za nyuklia "zimehifadhiwa salama". Kuhifadhi si kuzima. Kila kilo ya plutoniamu-239 hutoa joto la takriban wati 2, usiku na mchana, bila kuguswa na mtu. Nusu yake huisha baada ya miaka 24,000 hivi. Hakuna dola iliyowahi kudumu kiasi hicho, lakini tunaambiwa tuamini kwamba mlinzi atakuwepo.

"Hayo ni ya Marekani na Urusi, sisi yanatuhusu nini?" Yanatuhusu tangu urani ya Shinkolobwe, Kongo, ilipotumika kwenye mabomu ya 1945. Na sasa kuna Mkuju, Namtumbo. Mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia iliridhia kipande cha Selous kikatwe kupisha mgodi. Mwaka 2025 kiwanda cha majaribio kikazinduliwa. Najua, urani hiyo inatajwa kwa ajili ya umeme, na Tanzania imo katika Mkataba wa Pelindaba unaokataza silaha hizi Afrika. Sibishani na hilo. Hoja yangu ni mabaki. Ukishatoa urani kwenye mawe, sehemu kubwa ya mionzi hubaki kwenye tope la taka, pamoja na radiamu ambayo nusu yake huchukua miaka 1,600 kwisha.

Maji ya upande ule huteremkia Luwegu, Luwegu huingia Rufiji, na Rufiji humwagika kwenye mikoko ya delta, wanakovua kamba watu wa Nyamisati.

Sidai mgodi ufungwe. Nadai Tume ya Nguvu za Atomiki ipime maji, matope na samaki wa delta kabla uchimbaji haujashika kasi, irudie kila mwaka, na majibu yabandikwe kwa Kiswahili kwenye ofisi za vijiji. Kama vipimo vipo tayari, vibandikwe kesho. Bila kipimo cha kwanza kinachojulikana na wote, madhara yakija tutaambiwa yalikuwepo tangu zamani.

Mchoma mkaa halali nyumbani mpaka mkaa utoke. Anayechimba urani naye atuoneshe mkeka wake.