Sauti Ikigawanywa Mara Mbili, Mwenye Sikio Moja Anabaki na Nusu



Leo naongea juu ya masikio. Najua mtu atasema: kuna shida ya chakula, kuna karo, halafu huyu analeta masikio! Ngojeni kwanza. Wahenga walisema sikio halilali na njaa. Lakini kati yetu kuna masikio yanayolala na njaa kila siku, na sababu moja ni vile tunarekodi habari na kuzituma. Msimamo wangu ni huu: habari yoyote ya lazima, iwe ya afya, ya mgao, ya usajili ama ya shule, isitumwe kwa stirio. Itumwe kwa mono, yaani sauti yote iwe sawa pande zote mbili. Nitaeleza kwa nini.

Tuanze na kazi ya masikio mawili. Simama kando ya barabara ya Malaba kwenda Tororo, mbali kidogo na lami, halafu ufunge macho. Trela likija upande wa kulia, utajua ni kulia bila kuambiwa. Umejuaje? Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde. Inafika sikio la kulia kwanza, halafu inazunguka kichwa kufika la kushoto. Kuchelewa kwenyewe ni kudogo mno. Hata sauti ikitoka ubavuni kabisa, haifiki sehemu moja ya elfu ya sekunde. Lakini ubongo unaipima. Tena kichwa chenyewe ni kama ukuta. Sauti nyembamba kama ya filimbi inazuiwa, kwa hiyo sikio la mbali linaipata ikiwa imefifia. Sauti nene kama ya injini inapinda na kupita, na hapo ubongo unategemea zaidi ule muda wa kuchelewa. Mwingereza Lord Rayleigh alieleza mambo hayo mawili mwaka 1907, na mpaka leo ndiyo msingi wa somo hili.

Sasa weka iyafoni sikio moja, uache lingine wazi, vile vijana wa boda hufanya wakisema, "Niko salama, sikio moja liko nje." Honi utaisikia, ndiyo. Lakini inatoka wapi? Ubongo umebaki na sikio moja tu la kusikiliza barabara, hauna cha kulinganisha. Unageuka kushoto kumbe trela liko kulia.

Stirio inatumia akili hiyo hiyo ya ubongo. Mwaka 1881, kwenye maonyesho ya umeme mjini Paris, Clément Ader aliwafanya watu wasikilize muziki wa opera kupitia simu za waya, chombo kimoja kila sikio, na wakasikia waimbaji wakisogea jukwaani. Halafu mwaka 1931 Mwingereza Alan Blumlein aliomba hataza ya namna ya kurekodi na kucheza sauti za pande mbili. Alikuwa na miaka 28 tu, kijana kama sisi. Kuna pia rekodi zinazoitwa bainoro, ambapo maikrofoni mbili huwekwa kwenye masikio ya kichwa cha sanamu. Ukisikiliza kwa iyafoni mbili unahisi mtu ananong'ona nyuma ya shingo yako. Ni kitu tamu. Ukirekodi tongoli la Wajopadhola hivyo, na watu wanaocheza wakilizunguka, msikilizaji atahisi amekaa katikati ya uwanja.

Lakini utamu huo una masharti mawili: iyafoni mbili nzima, na masikio mawili mazima. Hebu tuangalie maisha yetu.

La kwanza, iyafoni. Ni nani kati yetu anasikiliza peke yake? Iyafoni inanunuliwa moja, inatumiwa na watu wawili, wewe kushoto mimi kulia. Baada ya miezi miwili waya unakatika, upande mmoja unakufa, na bado tunaitumia.

La pili, masikio. Kuna mtoto ambaye sikio lilitoka usaha likaachwa bila matibabu mpaka ngoma ikatoboka. Kuna aliyeugua matubwitubwi, ugonjwa ambao unaweza kuua usikivu wa upande mmoja. Kuna aliyepigwa kofi la sikio akiwa njiani, na kuna aliyekuwa karibu na mlipuko kule alikotoka. Hawa hawaitwi viziwi, kwa hiyo hawako kwenye orodha ya mtu yeyote. Ukiongea nao uso kwa uso mahali palipotulia wanajibu vizuri kabisa.

Shida yao inaonekana kwenye watu wengi. Mwaka 1953 mtafiti Colin Cherry aliandika kuhusu vile tunavyoweza kufuata sauti ya mtu mmoja katikati ya kelele za wengi. Masikio mawili yanasaidia sana kazi hiyo. Kwa sikio moja, sauti zote zinakuwa uji. Sasa fikiria siku ya usajili. Jina linasomwa mara mbili kwa kipaza sauti, watoto wanalia, pikipiki zinapita. Huyu anasikia kitu kama jina lake, anageuka upande usio wake, na kabla hajajua meza ni ipi ameshapitwa. Watu wanasema, "Sikio la kufa halisikii dawa." Kumbe hana kiburi. Ana sikio moja.

Mpaka huu unajua uzito wa jina kuitwa. Mwanzoni mwa 2008, baada ya ghasia za uchaguzi wa Desemba 2007, maelfu ya Wakenya walivuka Busia na Malaba. Wengi walipokelewa Mulanda, hapa hapa Tororo, kabla ya kuhamishiwa Kiryandongo. Kwa mtu aliyefika na nguo aliyovaa tu, habari ya kusikia ndiyo mali. Kama hakuisikia, hana.

Turudi kwenye rekodi. Kuna moja ilizunguka kwenye simu zetu, mahojiano kuhusu chanjo ya watoto. Sitaji walioitengeneza, nia yao ilikuwa nzuri. Walitumia zile maikrofoni mbili ndogo za kubana kwenye shati, na mtambo ukaweka mwenye kuuliza upande wa kushoto, muuguzi upande wa kulia. Mama mmoja jirani alisikiliza na binti yake, iyafoni moja kila mtu. Mama alikuwa kushoto. Alisikia, "Je, chanjo ina madhara?" halafu kimya. Akasikia, "Na mtoto akipata homa?" halafu kimya. Majibu yote yalikwenda kwa binti, ambaye hakuelewa yanajibu nini. Mama alitoa iyafoni akasema, "Wameulizwa wakanyamaza." Hivyo ndivyo uvumi unavyozaliwa, na hakuna aliyesema uongo.

Ubaya ni kwamba mtengenezaji anaweza asigundue. Akijaribu rekodi kwa spika ya simu, simu nyingi za spika moja huchanganya pande zote mbili, naye anasikia kila kitu safi.

Wapo watakaosema mono ni ya zamani, inaua raha. Kwa muziki nakubali, stirio ibaki. Kwa sauti ya muuguzi sihitaji kujua amekaa upande gani, nahitaji kujua amesema nini. Wengine watasema kila mtu apewe iyafoni mpya. Asante, zikija tutapokea. Lakini iyafoni mpya haiponyeshi sikio lililotoboka.

Kwa hiyo naomba mambo manne.

Moja, anayerekodi kwa maikrofoni mbili aweke mtambo kwenye mono kabla ya kuanza. Kabla ya kutuma, asikilize kwa iyafoni ya kushoto peke yake, kisha ya kulia peke yake. Kama kila upande unaeleweka, tuma.

Mbili, wewe mwenye sikio moja ama iyafoni nusu, fungua mipangilio ya simu, andika neno "mono" pale pa kutafuta, uwashe. Haina gharama wala haihitaji bando, na simu nyingi za kisasa zinayo.

Tatu, tunaoita majina tuinue mkono ama bango tukiita, ili asiyejua sauti inatoka wapi aone kwa macho. Na kwenye fomu, tusiulize tu "Wewe ni kiziwi?" Tuulize, "Sikio gani linasikia vizuri?" Halafu tukae upande huo.

Nne, tutunze haya tuliyo nayo. Ukisikiliza kwa sikio moja sauti inaonekana ndogo, kwa hiyo unaongeza na kuongeza. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 mwisho wake ni saa 40 kwa wiki, na ukifika desibeli 90 ni saa 4 tu. Mtoto akitoka usaha sikioni, apelekwe kliniki leo, si baada ya mavuno.

Kitu chochote kikiwa kidogo huku kwetu tunagawana, na ni tabia nzuri. Mkate ukigawanywa kila mtu anakula. Jibu la muuguzi likigawanywa, hakuna anayeshiba.