Kabla ya kununua bastola, tazama aliye nyuma ya jambazi

Jirani yangu mmoja hapa Buruburu, mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi kando ya Barabara ya Jogoo, alinijia Jumapili moja jioni akiwa na kijitabu cha picha mkononi. Alikuwa ameporwa mara mbili katika muda wa miezi minane. Mara ya pili alipigwa ngeta hatua chache kutoka kwenye lango la korti yetu, akaachwa chini hana fahamu, na mauzo ya siku nzima yakaenda zake. Kijitabu hicho kilikuwa cha bastola. Alinifunulia ukurasa wenye rivolva mpya, nene, yenye mtutu mfupi na tundu pana la kutisha.

"Mwalimu," akaniambia, "wewe ni mtu wa kusoma. Nimekwisha kuamua kuomba leseni. Nataka tu unishauri kuhusu hii." Kisha, kwa kuwa anaujua udhaifu wangu wa methali, akaongeza: "Fimbo ya mbali haiui nyoka."

Sikumcheka. Kazi yangu ni kufundisha isimu wala si shabaha, lakini mimi pia ni mkazi wa Eastlands, na najua hofu ya kuteremka kwenye matatu saa mbili usiku. Nilimwomba muda. Nikasoma nilichoweza, nikamuuliza askari mstaafu ninayemfahamu, na nikaipima silaha ile kwa haki. Leo nawaeleza wasomaji, hasa walimu wenzangu na wanafunzi, nilichokiona katika mizani hiyo.

Rivolva ina sifa zake, na si vyema kuzificha. Ni chombo chepesi kueleweka. Risasi hukaa ndani ya silinda inayozunguka, tano au sita, na moja ikikataa kulia, mwenye silaha huvuta tena na inayofuata hushika zamu. Haina chemba ya kukwama kwa urahisi kama zilivyo bastola nyingine. Ile ya tundu pana ina sifa moja zaidi, nayo ni nguvu. Risasi ya .44 Magnum, iliyobuniwa Marekani mwaka 1955, ina kipenyo cha takriban milimita 11, na nishati yake ni mara mbili hadi tatu ya ile ya bastola ya kawaida ya milimita 9. Mwaka 2003 kampuni ya Smith & Wesson ilitoa kubwa kuliko hiyo, ya .500.

Lakini tujiulize nguvu hiyo ilitafutiwa nini. Wengi walioitamani walikuwa wawindaji, na watu wanaopita katika misitu ya Alaska ambako dubu anaweza kumrukia mtu. Huko, risasi ikikosa au ikimpenya mnyama, huishia mtini au ardhini. Hapa kwetu uwindaji wa wanyama wakubwa ulipigwa marufuku mwaka 1977, na dubu hatuna. Tuna Umoja, Kayole, Dandora, Kariobangi na Maringo: mitaa ambayo watu wamepangana kama mahindi gunzini, ghorofa juu ya ghorofa, ukuta wa mabati ukipakana na ukuta wa mbao. Sifa ile ile inayoifanya silaha iwe njema porini ndiyo inayoifanya iwe balaa hapa. Risasi yenye nguvu haikomi kwa aliyekusudiwa. Huendelea na safari.

Tena hiyo ni ikimpata aliyekusudiwa. Rivolva ndogo yenye risasi kubwa hurusha mkono juu kwa kishindo, na mlio wake karibu na ukuta huziba masikio. Mwenye kuitumia vizuri lazima afanye mazoezi mara kwa mara, kwa risasi za bei ghali. Takwimu za polisi wa New York za miaka mingi zinaonyesha kwamba katika makabiliano ya kweli, risasi nyingi wanazofyatua askari hukosa shabaha. Hao ni watu waliofunzwa na kulipwa kwa kazi hiyo. Je, mzee mwenye duka, aliyekabwa shingo gizani, atafanya vizuri kuliko wao?

Wakazi wa Eastlands hawana haja ya kwenda New York kupata somo hili. Tarehe 30 Machi 2020, mtoto wa miaka 13 aliuawa akiwa kwenye roshani ya nyumba yao mtaani Kiamaiko. Risasi ilitoka kwa polisi waliokuwa barabarani wakitekeleza amri ya kutotoka nje usiku. Mtoto huyo hakuwa amevunja amri yoyote. Alikuwa kwao. Katika mitaa yetu, juu si anga tupu. Juu ni roshani zenye watoto.

Mimi mwenyewe niliporwa mwaka jana kando ya Barabara ya Mumias South. Vijana wawili, kisu kimoja. Walichukua simu, pochi na mkoba wenye insha za wanafunzi wangu. Kwa majuma kadhaa nililala nikiwaua vijana wale katika mawazo yangu, kila usiku kwa silaha kubwa zaidi. Baada ya jirani yangu kuniletea kijitabu chake, nilirudi mahali pale saa ile ile, nikasimama niliposimama. Nyuma ya pale aliposimama mwenye kisu palikuwa na mama mchoma mahindi, na watoto wawili wakimsubiri afunge kazi. Nilipowauliza kama walikuwapo usiku ule, mama akanijibu kwamba hapo ndipo wanapokuwa kila siku. Kama ningekuwa na rivolva ile, na mkono wangu huu unaotetemeka hata nikishika chaki, leo ningekuwa naandika makala ya namna nyingine, pengine kutoka rumande.

Wapo watakaonikumbusha Westgate. Ni kweli, na hoja yao ni nzito. Tarehe 21 Septemba 2013, magaidi walipovamia jengo lile, raia wenye leseni za silaha walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuingia, na waliwatoa watu wengi wakiwa hai. Siwezi kuwanyima heshima yao. Lakini siku hiyo hiyo iliripotiwa kwamba afisa wa kikosi maalumu cha polisi aliuawa kwa risasi ya wanajeshi waliodhani ni adui. Ikiwa wenye sare hawakutambuana mchana, ni nani atakayemtambua jirani yangu usiku, amesimama Jogoo Road na bastola mkononi? Askari wa doria atamwona mtu mwenye silaha, basi.

Tena bastola yenyewe ni mali inayowindwa. Anayekuvizia kwa ajili ya simu atakuvizia kwa hamu zaidi akijua kiunoni mna kitu kinachokodishwa kwa wahalifu wenzake. Shirika la Small Arms Survey la Geneva lilikadiria kwamba mwaka 2017 silaha zilizokuwa mikononi mwa raia nchini Kenya zilikuwa takriban 750,000, na zilizosajiliwa hazikufika hata 10,000. Serikali ilichoma silaha haramu 5,250 huko Ngong mwezi wa Novemba 2016, na Desemba 2018 ikawaamuru raia wote wenye leseni wapigwe msasa upya. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamtaka mwombaji awe na sababu njema, na silaha yake isihatarishe usalama wa umma. Mimi nasema sharti hilo la pili tulijibu wenyewe, kwa dhamiri, kabla hatujafika mbele ya bodi.

Niseme neno moja la taaluma yangu. Neno bastola tulilipata kwa Wareno, na risasi ni jina la Kiarabu la madini ya risasi yenyewe. Hayo yalikuja kwa majahazi na merikebu. Lakini Sheng, iliyozaliwa katika mitaa hii, imejiundia msamiati wake. Watoto wa shule za msingi wanasema mchuma. Wanasema bonoko, yaani bastola bandia, ile inayosemekana kuwekwa kando ya maiti ya kijana ili aonekane alikuwa jambazi. Jericho, ambayo kwa mkazi wa Makadara ni mtaa wenye uwanja wa kandanda wa Camp Toyoyo, katika taarifa za polisi ni aina ya bastola iliyotengenezwa Israeli. Jamii haibuni maneno mengi kwa jambo lisiloigusa. Mwalimu anayesikia maneno haya darasani asikimbilie kuyasahihisha kama makosa ya sarufi. Amuulize mwanafunzi ameyaokota wapi.

Basi nilimjibuje jirani yangu? Nilimwambia kwamba methali yake ni ya kweli pale nyoka anapokuwa peke yake. Nyoka akijiviringisha mguuni mwa mtoto, huwezi kumpiga fimbo, hata ikiwa nzito namna gani. Nikamwambia pia kwamba majambazi walifuata mfuko wa fedha, na mfuko huo si lazima uwepo. M-Pesa ipo tangu mwaka 2007. Wateja walipe kwa simu, na kinachobaki kipelekwe benki mchana. Taa ya lango letu imekufa tangu mwaka juzi, na sote tumekuwa tukipita chini yake tukilalamika. Bei ya rivolva moja ingewasha korti nzima na kumlipa mlinzi wa pili.

Hakukubali yote. Alisema mimi nazungumza kama mtu ambaye hajawahi kuzirai barabarani, na hapo nilinyamaza, kwa kuwa ni kweli. Kijitabu bado anacho. Ila tangu juma lile hatembei tena na mauzo, na Jumamosi iliyopita tulichangishana fedha za taa. Wenye mamlaka ya jiji na ya polisi wasidhani kwamba mchango huo unawaondolea wajibu wao. Mzee wa miaka 60 anapoanza kulinganisha matundu ya bastola, kuna watu wanaolipwa kumlinda ambao hawajatimiza kazi yao.