Chujio lifike kabla ya mafuriko

Kwa anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame, maji ya mwisho yako bonde la Karanga. Akishavuka hapo, hakuna tena kijito wala chemchemi. Wagumu, ndivyo wapagazi wa mlima ule wanavyojulikana, hujaza madumu bondeni na kuyapandisha hadi kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600 juu ya usawa wa bahari. Kila kikombe cha chai kinachonywewa huko, na kila chupa anayoondoka nayo mgeni usiku wa manane kuelekea kilele cha Uhuru, ni maji yaliyobebwa na mtu.

Mgeni naye mara nyingi ana kitu chake mkobani: chujio la kubeba, jepesi kama yai la kuku, linalomwezesha kuinama kijitoni akanywa papo hapo. Nchini Marekani mrija mmoja wa LifeStraw huuzwa takriban dola 20, na watengenezaji wake wanasema unaweza kuchuja lita 4,000. Afrika Mashariki kifaa hiki kimezoeleka kuwa cha watalii, kitu cha kuja na kuondoka na begi la mzungu. Mazoea hayo ni kosa, na gharama yake huonekana kila mvua zinapozidi.

Asili ya mrija huu haikuwa starehe. Ulizaliwa katika vita dhidi ya mnyoo wa Guinea, ambao humwingia mtu anayekunywa maji ya bwawa yenye viroboto vidogo vya maji, hukaa mwilini karibu mwaka mzima, kisha hutoka taratibu kupitia kidonda, mara nyingi mguuni, ukiwa na urefu unaoweza kukaribia mita moja. Ugonjwa huo hauna chanjo wala dawa. Katikati ya miaka ya 1980 ulikadiriwa kuwapata watu milioni 3.5 kwa mwaka. Kituo cha Carter, kilichoasisiwa na aliyekuwa rais wa Marekani, Jimmy Carter, kiliongoza kampeni ambayo silaha zake zilikuwa elimu ya kijiji kwa kijiji, kitambaa cha kuchujia, na kimrija chenye wavu ambacho wafugaji wa Sudan walikivaa shingoni kwa kamba ili wanywe salama popote mifugo itakapowafikisha. Mwaka 2024 dunia nzima iliripoti wagonjwa 15. Kenya ilithibitishwa kuwa haina tena ugonjwa huo mwaka 2018, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022. Vestergaard, kampuni iliyotengeneza vimrija hivyo, ndiyo iliyoleta LifeStraw mwaka 2005.

Kwa maneno mengine, mrija wa mtalii ni mjukuu wa mrija wa mfugaji.

Wanaouhitaji zaidi leo hawako mlimani. Wako Budalang'i, magharibi mwa Kenya, mto Nzoia unapovunja kingo zake. Wako Rufiji na Kibiti, Tanzania, ambako mafuriko ya Aprili 2024 yaliwaacha watu wamezungukwa na maji pande zote bila maji ya kunywa. Na wako Goma, mashariki mwa Kongo. Mlima Nyiragongo ulipolipuka tarehe 22 Mei 2021, lava iliharibu tangi kubwa la maji, na karibu watu nusu milioni wakakosa maji ya bomba. Vita vilipoingia mjini humo Januari 2025, maji na umeme vilikatika tena, na wakazi wakashuka na bido zao, yaani madumu, kuchota Ziwa Kivu. Wazee wa Goma hawahitaji kuambiwa hatari ya kuchota ovyo. Mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipofurika huko, takriban watu 50,000 walikufa ndani ya mwezi mmoja, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu.

Goma pia imeonyesha njia. Ufukweni mwa ziwa huwekwa vituo ambako mhudumu mwenye bomba la sindano hutia kipimo cha klorini katika kila bido inayojazwa. Mchotaji hufika nyumbani, husubiri nusu saa, kisha hunywa. Ni rahisi, ni haraka, na imeokoa maisha mengi. Ila mpango huo unamtaka mhudumu awepo pale, dawa iwepo, na barabara ya kuileta ipitike. Siku tatu za mwanzo za maafa, mara nyingi kimoja kati ya hivyo hakipo. Hata ushauri wa kuchemsha, ambao kila mama anaujua, huwa mgumu kufuata jiko likiwa limesombwa na kuni zimelowa.

Hapo ndipo chujio linapopata kazi, mradi mwenye nalo ajue linafanya nini na haliwezi nini. Ndani ya mrija kuna vimirija vyembamba kama nyuzi, teknolojia ya ukoo mmoja na ile ya mashine za kusafishia damu ya wagonjwa wa figo. Kuta zake zina vitundu vya takriban maikroni 0.2, na maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Kijidudu cha kipindupindu ni kinene kuliko kitundu hicho, hivyo hubaki nje. Amiba na giadia, ambao ni wakubwa zaidi, hawana hata pa kujaribu. Virusi vya homa ya ini aina ya A ni habari nyingine: upana wake haufiki maikroni 0.05, na kwenye mrija wa kawaida hupita bila kizuizi.

Klorini ina udhaifu wa upande wa pili. Huua bakteria na virusi vizuri, lakini kimelea kiitwacho kriptosporidiamu huihimili kwa ganda lake gumu. Mwaka 1993, katika mji wa Milwaukee nchini Marekani, kimelea hicho kilipenya kwenye maji ya bomba na kuwafanya watu wapatao 400,000 waugue, ingawa maji yale yalikuwa yametiwa klorini. Chujio humkamata adui anayeishinda dawa, na dawa humuua adui anayelipita chujio. Anayegawa kimoja bila kingine amefanya nusu ya kazi, na kwa bahati mbaya misaada mingi hugawiwa hivyo.

Lipo pia jambo la tope. Maji ya mafuriko ni mazito, na mrija ukichovywa humo huziba mapema. Klorini nayo huishia kwenye uchafu kabla ya kuvifikia vijidudu. Maji yaachwe kwanza yatuame, au yatiwe shabu, au unga wa mbegu za mlonge, ambao hukusanya chembe za udongo zikazama chini. Kitambaa nacho kina heshima yake katika sayansi. Mwaka 2003 mtafiti Rita Colwell na wenzake walichapisha matokeo ya kazi yao huko Bangladesh: wanawake waliochuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa angalau mara nne waliona kipindupindu kikipungua kwa asilimia 48 vijijini mwao. Kuukuu ilishinda mpya kwa sababu nyuzi za pamba zilizofuliwa mara nyingi hulegea na kubana matundu. Kanga iliyochakaa ni pamba vilevile. Haitoshi peke yake, lakini kama hatua ya kwanza kabla ya chujio na dawa, haina gharama na iko katika kila nyumba.

Tena si kila kibaya cha majini ni kijidudu. Arusha, tatizo kubwa la maji ya visima vingi ni floraidi, madini yanayotokana na miamba ya volkano, yanayoacha meno ya kahawia na, yakizidi kwa miaka mingi, hupinda mifupa. Madini haya yameyeyuka majini. Mrija wa dola 20 huyapitisha kama unavyopitisha chumvi. Mhandisi Askwar Hilonga, mzaliwa wa kijiji cha Gongali wilayani Karatu, aliiona shida ya maji utotoni, akaenda kusomea teknolojia ya nano Korea Kusini, akarudi na kubuni chujio linalounganisha mchanga na chembe za nano zinazochaguliwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika. Mwaka 2015 alikuwa mshindi wa kwanza kabisa wa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi, inayotolewa na Akademia ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza. Yeye alianza kwa kuyauliza maji yana nini. Swali hilo ndilo linalokosekana kwenye shehena nyingi za machujio.

Somo chungu zaidi liko magharibi mwa Kenya. Mwaka 2011, kaya zaidi ya 877,000 za uliokuwa Mkoa wa Magharibi zilipewa bure LifeStraw kubwa ya kuning'iniza ukutani, yenye vitundu vidogo vya kutosha kuzuia hata virusi. Fedha zilitokana na biashara ya hewa ukaa, kwa hoja kwamba familia zingeacha kuchoma kuni za kuchemshia maji, ingawa wakosoaji walieleza kuwa nyingi hazikuwa zikichemsha tangu awali. Watafiti huru walizitembelea kaya hizo miaka miwili hadi mitatu baadaye, na katika ripoti iliyotoka mwaka 2017 walisema ni karibu kaya moja tu kati ya tano iliyokuwa bado inaitumia. Kifaa kilikuwa kizuri. Kinachohitajika pamoja nacho ni mtu wa kurudi mlangoni baada ya miezi sita, kuangalia kama kimeziba, kuonyesha tena namna ya kukisafisha.

Mtu huyo sasa yupo. Septemba 2023 Kenya ilizindua mpango wa wahamasishaji 100,000 wa afya ya jamii, wanaopita nyumba kwa nyumba na mikoba yenye mizani, kipimajoto na mashine ya kupima shinikizo la damu. Tanzania ina wahudumu wake wa afya ngazi ya jamii. Kuongeza klorini na bomba la sindano la kusafishia chujio kwenye mikoba hiyo si gharama ya kuitisha kikao. Kwa kata zinazojulikana kufurika kila mwaka, machujio yakae shuleni na kwenye zahanati kabla ya msimu, na yawe ya ndoo na koki, kwa sababu mrija ni wa mdomo mmoja na familia haiwezi kupokezana mrija. Shirika la Viwango Tanzania na lile la Kenya yangefanya jema kubwa kudai kila chujio linalouzwa liandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka, lisichoweza kuondoa: virusi, floraidi, chumvi, sumu za mashambani. Mnunuzi huambiwa sifa za bidhaa bila kuuliza. Mipaka yake ndiyo anayofichwa.

Wapanda mlima nao wana la kuongeza. Wanajua kwamba chujio la vimirija lililokwisha kulowa likiganda kwa baridi hupasuka ndani bila alama nje, ndiyo maana wenye uzoefu hulala nalo ndani ya mfuko wa kulalia. Bondeni hakuna barafu, lakini kanuni ya ukaguzi ni ileile: chujio bovu na zima hufanana machoni.

Masika huanza Machi. Kazi ya Februari katika kata kama za Budalang'i ni kuzishusha ndoo kutoka stoo ya shule, kusukuma maji safi kinyumenyume kwa bomba la sindano mpaka yatoke meupe, kuzijaza, na kuhesabu muda ambao kila moja inachukua kujaza kikombe kimoja.