Tusiwahamishe watoto vitanda kwa kufuata kalenda

Lipo suala moja dogo katika malezi ya watoto wetu ambalo aghalabu huwaponyoka wataalamu wa elimu, pengine kwa sababu hutokea saa saba za mchana, mapazia yakiwa yameshushwa. Suala lenyewe ni hili: mtoto anayeshinda katika kituo cha malezi aondolewe lini katika kitanda chenye kingo na kulazwa pamoja na wenzake juu ya godoro la chini? Walimu wenzangu huenda wakacheka kwamba mwanaisimu amekosa la kuandika. Nawaomba wanivumilie.

Katika miezi ya karibuni nimepata fursa ya kuzuru vituo kadhaa vya aina hii mjini Kitale na Bungoma. Nilikwenda kusikiliza usemi wa watoto, lakini kilichonishughulisha zaidi ni jinsi wanavyolazwa. Katika baadhi ya vituo, jibu la swali langu lilitoka kwenye kalenda: mtoto afikapo mwaka mmoja unusu hushushwa, awe tayari asiwe tayari. Katika vingine jibu lilitoka mfukoni. Vitanda vyenye kingo ni vinne tu, na leo amepokelewa mchanga wa miezi mitatu. Basi aliye mkubwa kuwapita wote hutolewa kumpisha mgeni, na jioni mama yake huambiwa kwa bashasha kwamba mwanawe sasa amekua.

Siwalaumu wenye vituo peke yao. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu. Mama aliyejifungua Aprili na kupewa likizo hiyo atarudi kazini Julai, na mtoto lazima alazwe mahali. Darasa la kwanza la chekechea humngoja akifika miaka minne. Kati ya miezi mitatu na miaka minne, nani anayemwangalia? Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliwakabidhi magavana elimu ya chekechea na vituo vya malezi ya watoto katika kifungu kimoja. Elimu ya chekechea imejengewa madarasa na kuajiriwa walimu. Hilo la pili ndilo lililolala.

Sasa tuje kwenye kitanda chenyewe. Kingo zina kazi yake. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja anahitaji kulazwa chali, juu ya godoro gumu, pasipo mito wala mablanketi mazito ya kumziba pumzi, na kingo humzuia asibingirike. Lakini siku atakayojifunza kuinua mguu na kuupitisha juu ya ukingo, kile kilichokuwa ngome hugeuka mtego. Atakayeanguka kutoka urefu wa ukingo huo ataangukia kichwa. Madaktari wa watoto wa Marekani hukitaja kimo cha sentimita 89 hivi kuwa ndicho kikomo, na mwaka 2011 nchi hiyo ilipiga marufuku vitanda ambavyo ubavu wake mmoja huteremshwa, baada ya watoto kadhaa kubanwa na kufa. Vitanda vilivyotumika huuzwa kwetu pia, na fundi wa Kitale anaweza kuiga umbo lolote alionalo pichani. Kwa hiyo kipimo kiwe kimo cha mtoto na dalili za kupanda, wala si siku yake ya kuzaliwa.

Hapa naomba nichomeke la taaluma yangu. Vitabu vingi vya malezi vinavyosomwa vituoni vimeandikwa Marekani, navyo humwagiza mlezi amhamishie mtoto wa miaka miwili kwenye cot. Mmarekani anamaanisha kitanda kifupi cha turubai. Kiingereza tulichorithi sisi ni cha Waingereza, ambao kwao neno hilohilo (lenye asili ya Kihindi) ndilo jina la kitanda chenye kingo! Mlezi atakayefuata agizo hilo neno kwa neno atamtoa mtoto pale anapopaswa kutolewa na kumrudisha papo hapo.

Mtoto akishashushwa, chumba kizima huwa ndicho kitanda chake. Hili naona halijafahamika. Soketi ya umeme, ndoo ya maji, mlango usiofungika, vyote viko mikononi mwake pindi afumbuapo macho. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na mnamo Julai sakafu ya saruji huwa kama barafu. Godoro jembamba la sponji halitoshi pasipo ubao au mkeka mzito chini yake. Wako wanaoingiza jiko la makaa chumbani na kufunga madirisha ili watoto wapate joto. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na aliyelala haamki kuilalamikia. Jiko hilo litolewe nje leo, kabla hata ya msomaji kuimaliza makala hii. Bungoma, iliyo chini zaidi na katika ukanda wa malaria ya kudumu, shida ni chandarua: kingo za kitanda hukishikilia vyema, ilhali juu ya magodoro yaliyopangwa sakafuni huvutwa, hukanyagwa, na mwisho hukunjwa na kuwekwa kabatini.

Wapo watakaosema kwamba mababu zetu hawakujua vitanda vya kingo na watoto walikua. Ni kweli. Watafiti Sara Harkness na Charles Super, waliokaa miongoni mwa Wakipsigis katika miaka ya 1970, walieleza jinsi mchanga alivyolala ubavuni mwa mama usiku, na mchana mgongoni mwa mama au dada. Hata leo, kwa watoto wengi wa Bungoma, kitanda cha kwanza ni mgongo na leso. Ila tusisahau kwamba mgongo huo ulikuwa na mtu. Mkeka nao, mtoto alipoushukia, ulikuwa na mtu karibu yake, akichambua mboga na kuimba kwa sauti ya chini. Tulichokichukua sisi ni mkeka, tukamwacha mtu.

Usingizi huu una faida ambayo mwalimu yeyote wa lugha angeililia. Mwaka 2006, Rebecca Gómez na wenzake wa Chuo Kikuu cha Arizona waliwasikilizisha watoto wa miezi 15 lugha ya kubuni. Ambao hawakulala walikumbuka maneno waliyoyasikia. Waliolala baada ya kusikiliza walitambua utaratibu wa lugha yenyewe, hata ulipojitokeza katika maneno mapya. Mtoto wa Kitale, anayesikia Kiswahili kituoni, Kibukusu au Kisabaoti nyumbani, na Kiingereza kwenye redio, ana kazi kubwa ya kupanga akilini kila mchana. Nasi twamshtua kwa kumtupa mahali pageni na kumwamrisha kwa Kiingereza cha mkato afumbe macho!

Aelezwe mapema, kwa lugha ya nyumbani, kwamba kesho atalala kwenye godoro. Aachwe alicheze asubuhi. Alalie leso ya mama yake. Kitanda cha zamani kibaki palepale kwa juma moja au mawili, na anayekirudia asidhihakiwe. Juu ya yote, awepo mtu mzima aliyeketi karibu hadi watakapolala, na asiondoke wakilala.

Hilo la mwisho ndilo gumu, kwani saa ya watoto kulala ndiyo saa pekee ambayo mlezi hupata kula, kufua na kupumzisha miguu. Mlezi mmoja hawezi kuketi na kufua kwa wakati mmoja. Mwaka wa fedha wa kaunti huanza Julai 1. Waheshimiwa wa mabunge ya Trans Nzoia na Bungoma watakapoketi kujadili makadirio yajayo, wasituletee hotuba juu ya magodoro, ambayo wazazi wanaweza kuchangiana. Watenge mshahara wa mlezi wa pili.