MITISHAMBA IPIMWE, MGONJWA ASIACHE DAWA

Mkulima wa Nsemulwa, huko Mpanda, apatwapo na saratani, safari yake ya tiba ni ndefu. Kutoka kwake hadi Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita elfu moja, na hata Bugando, Mwanza, si karibu. Arudipo nyumbani baada ya kutundikiwa dripu kadhaa za dawa, huenda akaona jambo ambalo hakulitazamia: nyayo zimekufa ganzi, vidole vyachoma kama vilivyoguswa na moto, na kufunga kifungo cha shati kwamshinda. Hapo ndipo huja jirani na unga wa manjano, akamwambia kuwa akiunywa mishipa itapona.

Jirani huyo hana nia mbaya, wala neno lake si upuuzi mtupu. Lakini huruma haitoshi kuwa ushahidi.

Yafaa wananchi wajue ganzi hiyo yatoka wapi. Baadhi ya dawa ziuazo chembe za saratani, kama vinkristini, paklitakseli na sisplatini, hudhuru pia mishipa ya fahamu. Vinkristini huvunja vijia vyembamba mno ambavyo chembe ya saratani huvihitaji ili igawanyike. Mshipa wa fahamu nao hutumia vijia vya namna hiyo kupeleka chakula hadi mwisho wake. Ndiyo sababu mishipa mirefu, ile ifikayo miguuni, huumia mwanzo.

Tena vinkristini yenyewe ni zao la mmea. Hutolewa katika ua dogo lenye asili ya Madagaska, ambalo watu wengi wa Afrika Mashariki hulipanda uani kwa pambo tu. Tangu miaka ya 1960 imesaidia kuokoa watoto wengi wenye saratani ya damu na ya matezi. Lakini kulitafuna ua hilo si tiba, maana lina sumu. Lilifanywa dawa kwa kuchunguzwa na kupimwa.

Sasa wataalamu wanauliza kama mimea yaweza pia kuilinda mishipa. Mwaka 2013 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, Oman, walieleza kuwa kurkumini, kiini cha manjano, ilipunguza madhara ya sisplatini katika mishipa ya panya. Habari hiyo ni njema, lakini panya si mtu, na kurkumini ikimezwa huingia katika damu kwa uchache sana. Mwaka huohuo, asetili-L-kanitini, iliyotumainiwa kuilinda mishipa, ilijaribiwa kwa wanawake wenye saratani ya matiti, nayo ikawazidishia madhara. Mwongozo uliotolewa mwaka 2020 na umoja wa madaktari wa saratani wa Marekani haukupendekeza dawa yoyote ya kuzuia ganzi hiyo, iwe ya mti au ya kiwanda.

Iko na hatari nyingine. Baadhi ya mitishamba hubadili namna ini linavyoishughulikia dawa ya hospitali, hata dawa hiyo ikapungua nguvu au ikazidi kuwa sumu.

Kwa hiyo twasema hivi. Mgonjwa amweleze daktari mara aonapo ganzi, kwa maana daktari aweza kupunguza dawa au kuibadili. Aseme pia kila mtishamba anaoutumia, wala asiikatize tiba kwa shauri lake mwenyewe. Avae viatu shambani, na kila jioni azitazame nyayo zake, kwani mguu wenye ganzi hausikii mwiba. Daktari naye aulize kwa upole, maana mgonjwa akemewaye huficha.

Waajiri na viongozi wa wafanyakazi wasimhesabu mvivu mtu ambaye mikono yake imekufa ganzi kwa ajili ya tiba. Wamtafutie kazi aiwezayo.

Na Serikali iiwezeshe zaidi Taasisi ya Tiba Asili ya Muhimbili, kazi iliyoanza mwaka 1974, ili mimea yetu ipimwe kwa watu, kwa ridhaa yao na kwa uangalizi. Sheria ya Tiba Asili ipo tangu mwaka 2002. Mgonjwa wa Nsemulwa anastahili kuambiwa ukweli uleule aambiwao mgonjwa wa Dar es Salaam, na kuambiwa mapema, kabla hajauza mbuzi wake kununua tumaini la pakiti.