Kigoma, mwezi wa mvua, peke yangu

Jamani, hivi nani katufundisha kwamba Mtanzania hasafiri mpaka apate msiba, harusi au semina yenye posho? Nimetua Kigoma Machi, mvua inamwagika. Gesti nikasukumiwa daftari: jina, kabila, unakotoka, unakokwenda. "Dada, umekuja kikazi?" Hapana. "Una ndugu huku?" Sina. "Sasa umefuata nini?" Kutembea. Nikatazamwa kama jasusi! Ningekuwa Mzungu mwenye begi mgongoni, nani angeniuliza?

Hasira yangu si kwa dada wa watu. Ni kwetu sisi wasomi wa Dar. Ujiji tunaijua kwa sababu Stanley alimkuta Livingstone pale mwaka 1871, na tunasimulia kana kwamba walikuwa wawili tu porini. Wapi! Ujiji ilikuwa mji wenye soko lake. Stanley alitoka Bagamoyo na msururu wa wapagazi, na wa kwanza kumlaki walikuwa Susi na Chuma.

Eti "huu si msimu". Msimu wa nani? Kalenda hiyo imepangwa kwa likizo za shule za Ulaya. Kiangazi vumbi na moshi huificha ng'ambo. Mvua ikikatika, milima ya Kongo unaiona ziwani kote, toka Kibirizi, huku unatafuna mgebuka uliokaangwa kwa mawese. Ziwa lenye kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, na wenzangu wananiuliza kama nimeona sokwe!

Kesho naenda Kigoma mjini kununua mwavuli. Huu umevunjika.